Umelipwa mshahara uliozidi na kazi umeshaacha: namna ya kuurejesha kwa kipato kidogo

Hapa Zanzibar, mara nyingi simu ya mwajiri wa zamani huja miezi miwili au mitatu baada ya kuondoka: "Tulikulipa zaidi, turejeshee." Siku hiyo usikubali wala usikatae. Waambie wakuletee hesabu kwa maandishi, utajibu ukishaisoma. Ukishatamka "nitalipa" kabla ya kuiona, kiasi walichokitaja wao ndicho kitakachoandikwa kuwa deni lako, na kiasi hicho cha mwanzo hukosewa mara nyingi.

Omba vitu vitatu: slipu ya mwezi unaobishaniwa, tarehe ya mwisho waliyokuandikia kazini, na sababu ya kuzidi. Sababu zenyewe si nyingi. Jina lako lilisahauliwa kuondolewa kwenye orodha ya mishahara, umefanya siku chache ukalipwa mwezi mzima, au advansi haikukatwa. Kwa advansi wakuonyeshe karatasi uliyotia saini. Kwa siku, daftari la mahudhurio.

Sasa kaa na kalamu. Tuseme mshahara wako kabla ya makato ulikuwa 520,000, ukafanya siku 8 za kazi, ukalipwa wote. Mwajiri akigawa kwa siku 26, siku moja ni 20,000. Ulistahili 160,000, kwa hiyo kilichozidi ni 360,000. Wengine hugawa kwa 30 wakahesabu na siku za mapumziko, jibu hubadilika. Uliza wanatumia kigawanyo gani, na kiwe kilekile walichokuwa wakikitumia kukukata ulipokosa kazi. Isiwe 26 kwako na 30 kwao.

Kabla ya kukubali hizo 360,000, angalia wao wanakudai wewe au wewe unawadai wao. Siku za likizo ambazo hukuzitumia, saa za ziada, posho ya mwezi wa mwisho. Likizo ya siku 7 kwa kiwango hichohicho ni 140,000, na deni linashuka hadi 220,000. Watu wengi hapa ndipo wanapoibiwa bila ya kuibiwa: wanarejesha kilichozidi, na haki yao inabaki kwa mwajiri kwa kuwa hakuna aliyeitaja.

Bado makato. Fedha iliyokatwa kupelekwa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, haikuingia mfukoni mwako. Mchango wa mfanyakazi ni asilimia 7. Ikiwa malipo ya likizo nayo hukatwa mchango huo, asilimia 7 ya 220,000 ni 15,400, na zinazobaki ni 204,600. Kama na kodi ya mshahara ilikatwa, nayo itolewe. Kurekebisha michango na kodi ni kazi ya mwajiri, si yako. Wakati huohuo omba ZSSF taarifa ya michango yako. Ukikuta mwezi huo ulikatwa lakini fedha haikufika, hilo ni lalamiko lako, tena zito.

Kiasi cha kulipa kila mwezi kisitokane na aibu. Andika kinachoingia, toa kodi ya nyumba, chakula, nauli, skuli na dawa. Ikibaki 25,000, ahidi 15,000, maana mwezi wenye msiba au mtoto mgonjwa lazima utafika. Kwa deni letu, hiyo ni miezi 13 ya 15,000 na wa 14 wa 9,600. Anayeishi kwa msimu apange kwa msimu: mtu wa hoteli za Nungwi au Kiwengwa alipe zaidi Julai mpaka Septemba, aombe kusimama Aprili na Mei hoteli zinapofungwa kwa masika. Wa Pemba anayetegemea karafuu aandike hivyo wazi.

Barua iwe fupi:

"Kwa Meneja Utumishi. Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Kwa hesabu niliyoambatanisha, kiasi kilichozidi ni shilingi 204,600. Kipato changu cha sasa hakiniwezeshi kulipa kwa mkupuo. Naomba kulipa shilingi 15,000 kila tarehe 5, bila ya riba, kuanzia mwezi fulani. Naomba jibu kwa maandishi."

Ambatanisha ushahidi wa kipato. Kama huna slipu mpya, barua ya sheha inayoeleza hali yako husaidia, ingawa haimlazimishi mwajiri. Kabidhi nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea ubaki nayo.

Ukianza kulipa, peleka benki kwenye akaunti ya kampuni, na kwenye maelezo andika jina lako na "kurejesha mshahara". Usimtumie mhasibu kwenye simu yake. Si lazima awe mwizi. Akihama kazi tu, kumbukumbu zinahama naye. Kama mwajiri alikuwa Serikali, omba namba ya malipo na usimkabidhi mtu fedha mkononi. Usitoe kadi ya benki na namba ya siri kuwa rehani, wala usitie saini karatasi tupu.

Wakikataa awamu, anza kulipa hivyohivyo na uweke risiti. Wakikutisha polisi, waambie kwa upole kwamba kosa la hesabu ni jambo la madai, si la jinai, na wewe hukukana. Mkikwama kwenye hesabu, nenda Kamisheni ya Kazi; ipo njia ya usuluhishi chini ya Sheria ya Mahusiano Kazini Nam. 1 ya 2005. Maelekezo mengi ya mitandaoni yanakupeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini hiyo ni ya Bara, na mambo ya kazi si ya Muungano. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar husaidia wasioweza wakili, Unguja na Pemba.

Barua ya utumishi, ile inayothibitisha kuwa ulifanya kazi hapo, isifungwe na deni. Iombe peke yake, kwa barua yake. Na siku ya awamu ya mwisho usiondoke bila ya karatasi yenye muhuri inayosema deni limekwisha, kisha ihifadhi pamoja na risiti zote 14.