Kukagua Seiko 5 ya zamani kabla hujatoa pesa

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kariakoo. Ameona Seiko 5 ya miaka ya 1970, inang'aa kama imetoka dukani jana, anunue? Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nifike. Tuliyoyafanya pale mezani kwa muuzaji ndiyo haya. Nazungumzia Seiko 5 kwa kuwa ndiyo saa ya kizamani ninayoletewa zaidi. Zilianza kutengenezwa 1963, na nyingi za kwetu zilikuja na wajomba waliofanya kazi Muscat na Dubai, ndiyo maana utakuta siku zimeandikwa kwa Kiarabu.

Beba lenzi ya fundi ya kukuza mara 10 na simu yenye tochi. Zile programu za simu za kupima mapigo ya saa ziache nyumbani. Sokoni kuna kelele, zitakudanganya.

Hatua ya 1: Itikise

Mashine za Seiko 5 za aina ya 6119 na 7009 hazitiwi ufunguo kwa mkono, zinajijaza zinapotembea na mvaaji. Ishike saa iliyolala, iyumbishe taratibu kushoto na kulia. Mshale wa sekunde uanze wenyewe. Ikibidi kuigonga ndipo iamke, mafuta yameganda. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, rota, kile kipande kizito kinachozunguka ndani na kuijaza saa, inagusa mfuniko.

Hatua ya 2: Soma mfuniko wa nyuma

Kuna namba kama 6119-8083. Nne za kwanza ni mashine, nne za mwisho ni bodi, yaani ganda la saa. Namba nyingine peke yake ni ya utengenezaji: tarakimu ya kwanza ni mwaka, inayofuata ni mwezi, na O, N, D ni Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa 6119, namba inayoanza na 2D ni Desemba 1972. Mwaka hujirudia kila miaka kumi, kwa hiyo usihesabu bila kujua mashine. Namba ziandike kwenye simu, utazihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Uso wa saa

Hapa usiwe na haraka hata muuzaji akinuna.

Saa nyingi zinazong'aa kupita umri wake zimepakwa rangi upya, na mafundi wa Mumbai, India, wanajulikana sana kwa kazi hiyo. Rangi kali peke yake si ushahidi, maana Seiko wenyewe walitoa za machungwa na za buluu nzito. Tazama maandishi kwa lenzi. Ya kiwandani ni membamba na kingo zake zimekatika safi. Ya kupaka upya ni manene, yamevimba kama wino uliolowa. Angalia kama vistari vya dakika vimekaa sawasawa na alama za saa.

Kisha shuka chini kabisa, penye namba 6. Pembezoni kuna maandishi madogo mno yenye namba ya mashine. Nne za kwanza zilingane na zile za mfuniko. Nne za mwisho zinaweza kutofautiana kidogo na hilo si kosa, usiikatae saa nzuri kwa sababu hiyo. Lakini uso ukisema 7009 na mfuniko 6119, hizo ni saa mbili zilizoozeshwa. Na maandishi hayo yakiwa hayapo kabisa, mara nyingi yamefunikwa na rangi mpya.

Sasa dirisha la tarehe. Miaka ya nyuma nilinunua moja yenye uso safi wa buluu, tarehe ikagoma kugeuka. Niliifungua mashine mara tatu, Jumamosi na Jumapili nzima, nikikagua gia moja moja. Gia zote zilikuwa nzima. Nilipoutoa uso ndipo nikaona: ulikuwa wa mashine nyingine, viguu vyake viwili vya nyuma vya kuushikilia kwenye mashine vimekatwa, umebandikwa kwa gundi, na gundi imechuruzika mpaka kwenye duara la tarehe. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo, namba hazikukaa katikati ya dirisha. Ila tarehe inayokaribia kugeuka nayo husogea, kwa hiyo pitisha tarehe nne au tano kabla ya kuhukumu.

Ukiweza, tazama pia gizani. Mishale ikiwaka kijani kikali na nukta za uso zikabaki nyeusi, huenda mishale imebadilishwa.

Mimi nitachukua uso wenye madoa ambao haujaguswa kuliko uliopakwa rangi upya, kila siku. Doa ni la umri wake. Rangi ikishapakwa, uso wa kiwandani haurudi tena.

Hatua ya 4: Siku na tarehe

Kwanza zungusha mishale mpaka tarehe igeuke yenyewe, endelea mpaka mshale mfupi ufike namba 6 chini. Usibadilishe tarehe kwa mkato, yaani bila kuzungusha mishale, mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, gia zinakuwa zimeshikana na utavunja jino. Kwenye 7009 unavuta kitufe cha pembeni hatua moja na kuzungusha; 6119 unabonyeza.

Hatua ya 5: Mfuniko ufunguliwe

Muuzaji akikataa, ondoka. Namba iliyochongwa kwenye mashine ilingane na ya mfuniko. Kwetu pwani jasho na chumvi hula chuma pale panapokaa mpira wa kuzuia maji; pakiwa na mashimo, mpira mpya hautasaidia. Kutu kwenye skrubu ni maji yaliyoingia.

Hatua ya 6: Kioo na bodi

Kioo kilichokwaruzika kisikutishe, kinabadilishwa. Kingo za bodi zilizolainika kama sabuni iliyotumika ndizo hazirudi.

Hatua ya 7: Siku moja nzima

Omba uivae mchana, uilaze usiku, asubuhi uilinganishe na simu. Nusu dakika kwa siku naikubali bila matengenezo.

Ile ya mpwa wangu ilikuwa uso wa 7009 ndani ya bodi ya 6119. Tuliiacha. Kwenye meza ya tatu tulipata 6119 yenye kioo kibovu na uso wa kahawia uliofifia, namba zote zikilingana. Ilichelewa dakika moja na nusu kwa siku. Sasa ipo mezani kwangu, imeshasafishwa, inasubiri kioo.