Nyota, Kisanduku na Uso wa Paka: Mapambo ya Karatasi kwa Nyumba za Visiwani

Anayetaka kupamba sebule kwa ajili ya sikukuu, au kuwapa watoto kazi ya mikono wakati wa likizo ya skuli, anaweza kuanza na karatasi chache, rula na mkasi. Origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi iliyokuzwa zaidi na Wajapani, haitaki vifaa vya gharama, bali inataka mkunjo ulionyooka. Mkunjo wa kwanza ukienda upande hata kwa milimita mbili, kosa hilo hukua kwa kila mkunjo unaofuata, na mwishoni pembe hazikutani. Kwa hiyo fanyia kazi mezani au juu ya sinia iliyogeuzwa, linganisha kingo kwanza, kisha ndipo upitishe ukucha juu ya mkunjo mara moja kwa uthabiti.

Karatasi nyeupe ya kawaida ya A4, ile ya gramu 80 inayotumiwa katika mashine za kutolea kopi, inafaa sana kwa kujifunzia, na ile ya rangi ya uzito huohuo inafaa kwa mapambo yenyewe. Karatasi ya manila ni nene mno, hupasuka uzi wake kwenye mkunjo, na karatasi ya zawadi yenye ngozi ya plastiki hukunjuka yenyewe mara unapoiachia. Katika visiwa vyetu kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni unyevu wa hewa. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, karatasi iliyoachwa wazi hulegea na haishiki mkunjo vizuri, hivyo ihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni au mkebe wa biskuti wenye kifuniko.

Napendekeza uanze na nyota zilizovimba, kwa kuwa ndizo zinazopamba nyumba kwa haraka na ndizo zinazowafurahisha watoto kuliko vitu vyote. Kata A4 kwa urefu wake katika kanda zenye upana wa sentimita 1, na karatasi moja itakupa kanda 21. Shika ukanda karibu na ncha moja, fanya kitanzi kidogo, upitishe ncha fupi ndani yake kama unayefunga fundo la kawaida, kisha vuta taratibu huku ukilibonyeza fundo kwa kidole gumba mpaka lilale bapa. Hapo litatokea umbo la pembe tano zilizo sawa bila ya wewe kupima kitu, kwani ukanda wenye upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho hauna namna nyingine ya kulala. Ncha fupi inayochomoza ipinde nyuma na uichomeke ndani ya fundo. Ukanda mrefu uzungushe kufuata ubavu wa umbo hilo, wala usiulazimishe, kwa sababu kila unapofika ukingoni hujielekeza wenyewe kwenye ubavu unaofuata. Aliyekulia katika nyumba inayosuka mikeka atauona ukanda huu kuwa ndugu wa ukili, na vidole vyake vitajua kiasi cha kukaza.

Ukanda ukibaki mfupi, chomeka ncha yake chini ya tabaka la juu. Sasa shika umbo kwa pembe zake, si kwa bapa lake, na bonyeza katikati ya kila ubavu kwa ncha ya ukucha, ukigeuza kidogo kidogo. Bavu tano zikiingia ndani, tumbo hutoka nje na nyota huvimba. Ikibonyea bapa badala ya kuvimba, basi ulikaza mno wakati wa kuzungusha.

Kazi ya pili ni kisanduku. Kutoka kwenye A4 pata mraba kwa kukunja pembe moja mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, kisha ukate kipande kinachozidi, nawe utabaki na mraba wa sentimita 21. Ukunje nusu kwa nusu pande zote mbili ili upate msalaba, ukunjue, halafu leta pembe zote nne katikati. Bila ya kuzifungua, kunja kingo mbili zinazotazamana zikutane katikati, ukunjue, na ufanye vivyo hivyo kwa kingo mbili nyingine. Fungua pembe mbili zinazotazamana tu, na usimamishe kuta mbili za pembeni. Baki na ncha ndefu iliyo wazi mbele yako: iinue, sukuma mikunjo ya mshazari ya kushoto na kulia iingie ndani, na ukuta wa tatu utasimama wenyewe, kisha ulaze ncha ndani mpaka ifike kitovuni. Rudia upande wa pili. Hatua hii ya kusukuma mishazari ndiyo inayowakwamisha wengi, na dawa yake ni kuikaza mikunjo yote vizuri kabla ya kuinua ukuta.

Utapata kisanduku chenye ubavu wa takriban sentimita 7.4 na kina cha nusu yake. Ukitaka kifuniko, kunja kisanduku cha pili kwa mraba uliopunguzwa nusu sentimita, hicho kiwe cha chini, na kile cha kwanza kiwe kifuniko. Kinafaa kwa peremende za Idi, kwa ubani, au kwa karafuu kavu za kuweka kabatini kati ya nguo. Halua itiwe kwanza katika kikaratasi cha mafuta. Asmini mbichi usiiweke kabisa, kwani maji yake hulainisha kuta.

Uso wa paka ni kazi ya dakika mbili. Kunja mraba uwe pembetatu yenye ncha juu, kunja ncha hiyo chini kidogo, inua pembe mbili za chini zichomoze juu kama masikio, kisha geuza na uchore macho na sharubu.

Atakayetaka kuendelea na michoro ya vitabuni atakuta alama zinazofanana karibu dunia nzima, zinazotokana na kazi ya Akira Yoshizawa (1911–2005), bingwa wa origami wa Japani: mstari wa vistari ni kukunja mbele, na mstari wa vistari na vitone ni kukunja nyuma.

Kwa kutundika nyota, tumia sindano nyembamba na mshipi wa kuvulia, kwa kuwa hauonekani kwa urahisi. Toboa kwenye pembe, si tumboni, acha nafasi ya vidole vinne kati ya nyota na nyota, na utundike mbali na feni na dirisha linalopigwa na mvua.