Kuweka Nyimbo Kwenye iPod Classic kwa Kompyuta ya Linux

Ukichomeka iPod classic, kichezeshi cha muziki cha Apple, kwenye kompyuta ya Linux, hujitokeza kama diski ya kawaida, na nyimbo unazonakili humo huingia bila kipingamizi. Ukiichomoa, hata hivyo, hutaziona kwenye orodha, ijapokuwa nafasi ya diski imepungua. Hii ni kwa sababu iPod haitafuti nyimbo ndani ya folda: husoma faili iitwayo iTunesDB, iliyomo katika folda ya iPod_Control/iTunes, na wimbo usioandikishwa humo haupigwi. Kwa hiyo unahitaji programu inayojua kuiandika faili hiyo.

Kwanza hakikisha Linux inaweza kuandika kwenye diski yenyewe. Fungua dirisha la amri, uandike `lsblk -f`, kisha utazame aina ya mfumo wa faili ulioonyeshwa kwa iPod. Ukiona vfat, yaani FAT32, endelea. Ukiona hfsplus, iPod hiyo ilitayarishwa kwa kompyuta ya Mac, na kwa kawaida Linux itaisoma tu bila kuiandikia. Dawa ya uhakika ni kuazima kompyuta yenye Windows na kuirejesha iPod katika hali yake ya mwanzo kupitia iTunes, programu ya muziki ya Apple; itapata mfumo wa FAT32, lakini kila kilichokuwamo kitafutika, basi nakili kwanza unachokithamini.

Sehemu inayowakwamisha wengi ni sahihi ya siri. Tangu iPod classic ilipotoka mwaka 2007, Apple iliweka sharti kwamba iTunesDB iwe na sahihi inayokokotolewa kwa namba ya kipekee ya kifaa, na sahihi ikikosekana au ikiwa na kasoro, iPod hudai haina wimbo hata mmoja. Maktaba ya msimbo iitwayo libgpod, inayotumiwa na Rhythmbox, programu ya muziki ya Linux, inaweza kuikokotoa sahihi hiyo mradi ipewe namba yenyewe. Mara nyingi namba husomwa yenyewe kifaa kinapochomekwa. Isiposomwa, andika `sudo lsusb -v -d 05ac: | grep iSerial`, uchukue herufi na tarakimu 16 za mwanzo za namba inayojitokeza, kisha ufungue faili ya iPod_Control/Device/SysInfo, au uiunde kama haipo, na uandike humo mstari mmoja: `FirewireGuid: 0x`, ukifuatiwa mara moja na hizo 16 bila nafasi katikati. Chomoa iPod kwa utaratibu na uichomeke tena.

Kabla ya kuongeza chochote, weka nakala ya iTunesDB kwenye kompyuta. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo itakayokuokoa mambo yakiharibika. Kisha fungua Rhythmbox, uwashe kiongezi (plugin) chake cha iPod katika orodha ya viongezi, na uburute nyimbo hadi kwenye jina la kifaa upande wa kushoto. Usishangae baadaye ukikuta faili zimepewa majina mafupi yasiyo na maana na kutawanywa katika folda za F00, F01 na kuendelea. Ndivyo iPod inavyozihifadhi.

iPod hupanga nyimbo kwa maelezo yaliyomo ndani ya faili, kama jina la wimbo na la mwimbaji, wala haijali jina la faili. Taarabu na kaswida zinazopitishwa kutoka simu hadi simu mara nyingi hazina maelezo hayo, nazo hurundikana pamoja bila jina la mwimbaji. Zisahihishe kwanza kwa EasyTAG, programu ya kuhariri maelezo hayo, kwani kuzirekebisha zikiwa tayari ndani ya iPod ni usumbufu usio wa lazima. Vilevile, iPod hupiga MP3 na AAC lakini haipigi FLAC wala Ogg Vorbis. Faili ya FLAC hugeuzwa bila kupoteza ubora kuwa ALAC, aina ambayo iPod huipiga, kwa amri ya `ffmpeg -i wimbo.flac -vn -c:a alac wimbo.m4a`.

Ukimaliza, usiuvute waya papo hapo. Linux huchelewesha kuandika baadhi ya data, na iTunesDB iliyoandikwa nusu huificha mikusanyo yote. Chagua kutoa kifaa ndani ya Rhythmbox au katika kidhibiti cha faili, kisha usubiri hadi onyo la kutochomoa litoweke kwenye kioo cha iPod.