Jinsi ya kuwatofautisha masultani wa Zanzibar wenye majina yanayofanana

Watu kibao wakisoma historia ya Zanzibar wanakwama kwenye majina, manake Khalifa wako wawili, Ali wako wawili, halafu kuna Hamad na Hamud ambao wote walikaa kwenye kiti mwaka huo huo mmoja. Ukichanganya hapo umeharibu kila kitu, na inaniuma kweli nikiona posti inasambaa imempa mtu mambo ya mwenzake.

Kwanza usiishie jina la mwanzo, tafuta baba. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, alifariki 1856, wakatawala wanawe wanne wakifuatana, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, kwa hiyo baada ya 1856 ukiona sultani wa Zanzibar ni "bin Said" huyo ni mtoto wa mzee mwenyewe na utawala wake haukuvuka 1893. Na Seyyid ni cheo cha heshima, isikuchanganye na Said.

Kisha angalia mwaka. Khalifa bin Said ni 1888 hadi 1890, miaka miwili tu, lakini ndo yeye wa ule mkataba wa Aprili 1888 wa kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, watu wa Pangani wakiongozwa na Abushiri wakakataa wakaingia vitani. Khalifa bin Harub ni kitukuu wa Seyyid Said, alitawala 1911 mpaka 1960. Sasa ukikuta picha imeandikwa "Sultan Khalifa" basi, we itazame vizuri: kama kuna gari pembeni, au ni stempu ya jubilii ya 1936, au ni mzee wa ndevu nyeupe kabisa kapiga picha na magavana, huyo ni bin Harub hakuna ubishi, mwenzake alishafariki zamani.

Ali nao wepesi. Bin Said ndo wakati wake, 1890, Uingereza ikaiweka Zanzibar chini ya himaya. Bin Hamud (1902–1911) alisoma shule ya Harrow kule Uingereza, akajiuzulu, akafia Paris 1918.

Kwa Hamad na Hamud shika vita vya 27 Agosti 1896. Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, wakampiga mizinga na haikufika hata saa moja yakaisha, siku ile ile akawekwa Hamud bin Mohammed. Kabla ya mizinga ni Hamad, baada yake Hamud, na amri ya 1897 ya kufuta utumwa ni ya Hamud.

Ukiandika weka jina la baba na miaka kila mara, hata kwenye kapsheni fupi. Na ukitafuta mtandaoni jaribu tahajia zote, Hamud, Hamoud, Humud, la sivyo utakosa nusu ya picha.