Umechoka na vyama viwili vya Marekani? Soma hii kabla hujaamua kukaa nyumbani Novemba

Ndugu zangu mliochukua uraia Marekani, najua wengi wenu mmeshasema safari hii siendi kupiga kura. Kila ukigeuka ni Democratic na Republican, ukimkataa huyu unaambiwa kumbe we ni wa yule, na mtu uliyemtaka kweli hata kwenye karatasi hayupo. Na hauko peke yako, Gallup, shirika la kura za maoni, walipouliza watu mwaka 2023 asilimia 63 walisema vyama hivi viwili vinawawakilisha wananchi vibaya mpaka chama kikubwa cha tatu kinahitajika. Yaani zaidi ya nusu ya nchi inalalamika kama wewe, afu Novemba ikifika wanaopita ni wale wale. Nitaanza na kwanini inakuwa hivyo, manake usipoelewa hapo hasira yako utaimwaga pasipobadilisha kitu, afu nitasema cha kufanya.

Mfumo uko hivi. Sehemu nyingi anachukuliwa mtu mmoja tu, na anachukuliwa aliyewazidi wenzake hata kama hajafikisha nusu ya kura. Sa wakiwa watatu, wawili wanaofanana mawazo wanagawana watu wao na yule wa tatu anapita katikati. Watu wakishaumizwa hivyo mara moja hawarudii, uchaguzi unaofuata wanakimbilia kwa mmoja wa wale wakubwa ili tu wanayemwogopa asipite, na chama kidogo kinabaki kinasifiwa na kila mtu bila kupata kura. Mfaransa Maurice Duverger aliliandika hili tangu miaka ya 1950. Kwahiyo sio kwamba Wamarekani wanavipenda sana vyama viwili, ni sheria ya kuhesabu kura inayowasukuma huko.

Kwenye urais ndo kabisa. Rais anachaguliwa na wajumbe wanaogawiwa kwa majimbo, kuna kura 538 za wajumbe, anayefika 270 anashinda, na majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska anayeongoza kwenye jimbo anabeba wajumbe wote. Mwaka 1992 Ross Perot alisimama bila chama akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, karibu mtu mmoja kwa kila watano, na kura za wajumbe akapata sifuri. Sifuri kabisa. Ndo maana mi nasema kiti cha rais ndo sehemu ambayo hasira yako ina nguvu ndogo kuliko sehemu zote, na ndo sehemu tunayobishania mwaka mzima.

Haya, cha kufanya.

Kabla ya yote hakikisha uko kwenye daftari. Ingia vote.gov, chagua jimbo lako, watakupeleka kwenye ukurasa rasmi wa jimbo. Majimbo mengine yanafunga uandikishaji mwezi mzima kabla ya uchaguzi, mengine unajiandikisha siku ile ile, usiulize rafiki anayekaa jimbo lingine manake kwake sheria ni nyingine. Ukihama nyumba badilisha anwani. Na hapa naomba nisikike vizuri, kama una ukaazi wa kudumu tu na hujala kiapo cha uraia USIJIANDIKISHE, hata kama mtu amekupa fomu barabarani au umeulizwa ukichukua leseni ya udereva. Kupiga kura uchaguzi wa taifa bila uraia ni kosa la jinai na watu wanarudishwa makwao kwa hilo, hakuna hasira ya kisiasa yenye thamani hiyo.

Sasa mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama kabla ya Novemba, na hapa nitakaa kidogo kwasababu hapa ndo penye mali. Wilaya nyingi za uchaguzi za Bunge la Wawakilishi zimeegemea chama kimoja kiasi kwamba Novemba ni kuthibitisha tu, mbunge anakuwa ameshapatikana kwenye mchujo wa chama miezi kadhaa nyuma, na kwenye mchujo watu hawaendi. Unalalamika umeletewa watu wawili usiowataka, sawa, ila waliowaleta ni wachache waliojitokeza siku ile ambayo wewe hukujua hata kama kuna kura. Angalia New York mwaka 2018, Joe Crowley alikuwa bungeni tangu 1999, mmoja wa vigogo wa Democratic, akang'olewa na Alexandria Ocasio-Cortez kwenye mchujo, na kura alizopata huyo dada hazikufika elfu 17 kwenye wilaya yenye watu laki saba hivi. Upande wa pili vile vile, Virginia mwaka 2014 Eric Cantor alikuwa kiongozi wa wengi bungeni, Republican wa pili kwa ukubwa pale bungeni, akapigwa na mwalimu wa uchumi wa chuo anaitwa Dave Brat ambaye nje ya pale hakuna aliyemjua. Upende siasa zao usipende, hao wawili hawakusubiri chama cha tatu, walipita mlango wa mchujo na waliowapitisha ni watu wa kawaida wasiofika elfu 40 kwa kila mmoja wao.

Kwahiyo tafuta aina ya mchujo wa jimbo lako. Florida, Pennsylvania na New York mchujo umefungwa, kama hukujiandikisha kama mwanachama wa chama hicho hupigi, na kubadilisha chama kuna tarehe ya mwisho ambayo New York inakuja mapema sana, miezi kabla ya mchujo wenyewe. Texas, Georgia, Michigan na Wisconsin huandikishwi kwa chama, unaenda siku hiyo unachagua unapiga mchujo wa upande gani. California na Washington wagombea wote wanawekwa karatasi moja na wawili wa juu wanaenda Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Watu wengi wanaojiita huru hawataki kuandikwa chama chochote kwa kuona ni kujichafua, mi naona kwenye jimbo lenye mchujo uliofungwa hiyo ni kujinyima kura bure. Kujiandikisha chama hakukulazimishi kukipigia Novemba, hukilipi ada, hukiapii, unachukua tu funguo ya kile chumba ambamo watu wanachaguliwa. Na kama wilaya yako chama kimoja ndo kinashinda kila mwaka basi jiandikishe hicho hicho, hata kama hukipendi, kwasababu humo ndo mbunge wako anapatikana.

Kama mchujo umeshapita mwaka huu, andika tarehe ya unaofuata mahali utakapoiona.

Tuje kwenye urais, ukifika mwaka wake. Swali la nimpigie mgombea wa chama kidogo au nisimpigie halina jibu moja, jibu linategemea unakaa wapi, na hili watu hawapendi kulisikia kwasababu wanataka kanuni moja ya nchi nzima. California haijampa Republican urais tangu 1988, Wyoming haijampa Democratic tangu 1964. Ukiwa huko kura yako kwa chama kidogo haimpi ushindi mtu yeyote unayemwogopa, afu ina kazi yake, chama kikifikisha asilimia 5 nchi nzima kinastahili pesa za serikali kwa kampeni ya urais inayofuata, na majimbo mengi yana kiwango ambacho chama kikikipata hakihitaji tena kuhangaika na saini ili kiwepo kwenye karatasi. New York kwa mfano ni kura 130,000 au asilimia 2, kipi ni kikubwa. Hiyo ni kura inayojenga kitu.

Lakini ukiwa jimbo la ushindani mkali kaa chini ufikirie mara mbili. Florida mwaka 2000 George W. Bush alimzidi Al Gore kwa kura 537 tu, na Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alikuwa na kura zaidi ya elfu 97 hapo hapo, na Florida ndo iliyoamua urais. Georgia mwaka 2020 tofauti haikufika kura elfu 12. Sisemi aliyempigia Nader alikosea, wapo waliosema wazi kwamba bila Nader wasingeenda kabisa, na mgombea hamiliki kura ya mtu. Nachosema ni kwamba uamuzi huo uufanye ukijua, uwe tayari kusimama nao asubuhi matokeo yakitoka kwa tofauti ndogo. Jiulize kati ya hawa wawili wanaoweza kushinda kuna yeyote ambaye akiingia maisha yako au ya ndugu zako yatabadilika, mambo ya uhamiaji, bima ya afya, kodi. Kama yupo una jibu. Kama kweli kabisa huoni tofauti, piga unachoamini.

Kuhusu kuandika jina la mtu kwa mkono, angalia kwanza. Majimbo mengi yanahesabu jina la aliyejisajili tu kama mgombea wa kuandikwa, na mengine kama Oklahoma na Hawaii hayaruhusu kabisa. Ukiandika jina la mjomba wako hakuna atakayelisoma. Ila likiandaliwa inawezekana, Lisa Murkowski alishindwa mchujo wa Republican Alaska mwaka 2010 akarudi Novemba na kushinda useneta kwa watu kuandika jina lake kwa mkono. Nevada wao wana kisanduku cha kusema hakuna hata mmoja kati ya hawa ninayemtaka, kwa viti vya jimbo zima na rais, lakini hata kikiongoza mgombea aliyefuata ndo anashinda.

Na sio lazima ujaze karatasi nzima! Watu wengi hawajui hili, wanakaa nyumbani kwa ajili ya kiti kimoja. Ukiacha wazi urais au useneta, kura zako nyingine zote zinahesabiwa kama kawaida. Unaweza kumkataa kila mtu juu ukashuka chini kwa mwendesha mashtaka, sherifu, jaji, bodi ya shule, diwani, pamoja na maswali ya kura ya wananchi. Huko chini viti vingi havina chama kabisa, bunge zima la jimbo la Nebraska karatasi haioneshi chama cha mgombea. Na ndo watu wanaoamua kodi ya nyumba yako na shule ya mtoto wako. Pata mfano wa karatasi ya kura kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako wiki mbili kabla, kaa nayo mezani, tafuta kila jina, andika majibu kwenye karatasi nyingine, afu uulize kama sheria za hapo zinakuruhusu kuingia nayo (kwa kawaida ya karatasi ndio, simu ndo mara nyingi inakatazwa). Majimbo machache kama Michigan na Alabama yana kisanduku kimoja cha kupiga chama kizima kwa mkupuo, kama umechoka na vyama kile usikiguse.

Sa kama unataka hii hali iishe kweli na sio kuilalamikia kila miaka minne, kazi ni kubadilisha namna ya kuhesabu. Maine wananchi walipitisha mwaka 2016 utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba, unaandika wa kwanza wako, wa pili, wa tatu, na kama wa kwanza wako ni wa mwisho kwa kura basi kura yako inahamia kwa wa pili. Mwaka 2018 mgombea ubunge Jared Golden alikuwa nyuma kidogo kwenye hesabu ya kwanza, kura za wagombea binafsi zilipogawanywa akapita. Hapo unampigia unayempenda bila hofu ya kumsaidia unayemchukia. Alaska wakafuata 2020, na 2024 waliotaka kuufuta walishindwa kwa mamia ya kura tu. Mwaka huo huo Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliukataa, na Missouri wakaupiga marufuku, kwahiyo sio njia nyepesi na vyama vyote viwili vina watu wanaoipinga. Karibu nusu ya majimbo wananchi wanaweza kupeleka swali kwenye karatasi kwa kukusanya saini, ukiona watu na mafomu yao simama usome. Kwingine ni kumbana mbunge wa jimbo lako, ambaye kwa kawaida hapigiwi simu na watu wengi hivyo simu kumi zinamshtua.

Kwenye Bunge la taifa tatizo lipo kwenye sheria ya mwaka 1967 inayotaka kila wilaya itoe mbunge mmoja. Sio katiba, ni sheria ya kawaida, bunge lenyewe (Congress) wanaweza kuibadilisha wakibanwa. New Zealand walikuwa na ugonjwa huu huu, mwaka 1981 chama cha tatu kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura kikaambulia viti viwili, watu wakachukia, mwaka 1993 wakapiga kura ya maoni wakaubadilisha mfumo, na tangu 1996 kura ya chama ndo inapanga idadi ya viti. Ilichukua miaka, ila ilitoka kwenye hasira kama hii yako.

Mwisho siku yenyewe, jaza kwa utulivu. Virginia mwaka 2017 kiti kimoja cha bunge la jimbo kilifungana kura 11,608 kwa 11,608, na kufungana kwenyewe kulitokana na karatasi moja ambayo mtu alijaza visanduku vya wagombea wote wawili afu akakata kimoja kwa mstari, mahakama ikabidi iamue alimaanisha nani. Mshindi akapatikana kwa kuchomoa jina kwenye bakuli, na chama chake kikabaki na bunge kwa viti 51 dhidi ya 49. Kwahiyo ukikosea usikate, usifute, usiandike maelezo pembeni, rudisha hiyo karatasi kwa msimamizi uombe mpya, ni haki yako. Na kama ni ya posta, piga simu ofisi ya kaunti kabla hujaituma watakwambia unabadilishiwaje.