Mmea wa ndani ukinyauka, angalia mizizi kabla ya kumwagilia

Majani yakilegea, watu wengi hukimbilia maji. Ukiuliza mimea ya ndani inakufa kwa nini, hilo ndilo jibu la kwanza: maji mengi kuliko inavyohitaji. Tatizo ni kwamba mmea wenye kiu na mmea uliozidiwa na maji hufanana kwa juu, yote miwili imeinamisha majani. Mizizi hupumua. Udongo ukikaa na maji siku zote, nafasi za hewa huzibwa na mizizi huanza kufa kwa kukosa oksijeni, kisha vimelea vya kuozesha kama Pythium na Phytophthora humalizia kazi. Mzizi uliooza haunyonyi kitu, kwa hiyo mmea unanyauka huku umesimama majini. Ukiongeza maji hapo unaongeza ugonjwa.

Basi chunguza kwanza. Ingiza kidole kwenye udongo hadi sentimita 5, kisha inua chungu upime uzito wake. Kikiwa chepesi na udongo umeachana na kingo za chungu, hiyo ni kiu kweli. Usimwagie juu, maana mboji iliyokauka sana hukataa maji na yote hupitia pembeni yakatokea chini. Weka chungu chote kwenye beseni lenye maji kwa nusu saa, kitoe, acha kichuruzike. Mara nyingi majani huanza kusimama ndani ya siku hiyohiyo.

Kidole kikitoka na unyevu huku majani yamelala, toa mmea kwenye chungu. Wengi huogopa hatua hii wakidhani wataumiza mmea, na wakingoja ndipo wanaupoteza. Shika shina karibu na udongo, geuza chungu, gonga kitako chake. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza, na kwa mimea mingi una rangi nyeupe au ya maziwa. Mingine kwa asili huwa na mizizi ya manjano au kahawia, kwa hiyo amini vidole kuliko macho. Mzizi uliooza ni laini na unateleza. Ukiuvuta taratibu, ganda la nje linavuka na kubaki mkononi, na ndani unabaki uzi mwembamba. Udongo nao hunuka kama dimbwi lililosimama. Kata vyote vilivyooza hadi ufike penye uzima, na kila baada ya mikato michache pangusa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70. Ukiwa umeondoa nusu ya mizizi, punguza na majani, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyanywesha yote. Udongo wa zamani utupe, na chungu kioshwe kwa sabuni.

Katika kupanda upya, kosa la kawaida ni kuupa mmea mgonjwa chungu kikubwa ili "ujinafasi". Udongo usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu, na kuoza kunarudi. Chagua chungu kinachozidi donge la mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu, hata kama ni kidogo kuliko cha mwanzo, na lazima kiwe na matundu chini. Ule ushauri wa kuweka kokoto kitakoni ili maji yashuke ningependa usahaulike. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto; hukwama juu yake, na mizizi ikabaki kwenye tope lililosogezwa juu. Dawa ni kuchanganya udongo wenyewe: mboji iliyoiva, mchanga wa chenga nene, na makumbi ya nazi au perliti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano). Udongo mtupu wa bustani hushikamana ndani ya chungu.

Kama mizizi ni mizima, tafuta kwingine. Mashina marefu membamba yanayoelekea dirishani yanaomba mwanga. Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni wadudu waitwao vidung'ata. Utando mwembamba na vitone vya manjano ni utitiri. Tenga mmea, futa majani pande zote mbili kwa maji ya sabuni, rudia kila wiki hadi visionekane.

Sasa vipandikizi, yaani vipande vinavyokatwa ili vioteshwe kuwa mimea mipya. Watu huchukua kipandikizi mmea ukishakata roho, wakati hakuna tena cha kuchukua. Mimi ninashauri kukata siku ileile unayotoa mmea kwenye chungu, kutoka sehemu ambayo bado ina nguvu. Mmea mama ukipona, umepata mimea miwili. Shina lililolainika au lenye weusi ndani ukilikata halifai. Sogea juu zaidi ukikata hadi ukute nyama safi.

Kwa mimea inayotambaa kama pothosi, siri iko kwenye kifundo, pale jani linapoungana na shina. Hapo ndipo kuna jicho la chipukizi, na mara nyingi kijizizi kilichokwisha kuchomoza. Jani lililokatwa bila kifundo linaweza kutoa mizizi na kukaa kijani kwa miezi, lakini halitatoa shina kamwe. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ambayo yangezama, weka kwenye chupa ya maji mahali penye mwanga usio wa jua kali, badilisha maji kila siku chache. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5 hamishia kwenye udongo, na wiki mbili za kwanza usiuache ukauke. Ikirefuka sana majini hupata shida kuzoea udongo.

Sansevieria, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama wima, haihitaji kifundo. Jani hukatwa vipande vya sentimita 8 hivi, huachwa siku mbili au tatu jeraha likauke, kisha hupandwa. Weka alama upande wa chini, kwani kipande kilichogeuzwa hakioti. Ile yenye kingo za manjano ikipandwa kwa jani hutoa watoto wa kijani kitupu. Ukitaka kingo zake, gawanya shina la chini ya udongo pamoja na mizizi yake. Kukausha jeraha ni muhimu vilevile kwa mimea ya majani manene kama krasula, na kwa kaktasi.

Mmea wa mpira uliobaki mti mrefu na majani matatu kileleni hutaka njia nyingine. Bandua pete ya gome yenye upana wa sentimita 2 chini ya majani, futa utomvu, zungushia kuvumwani mbichi (mimea midogo laini inayoota penye unyevu), funga kwa nailoni juu na chini. Mizizi ikionekana kupitia nailoni, kata shina chini yake, kisha panda kilele hicho kwenye chungu. Vaa glovu, kwa sababu utomvu huo huwasha ngozi. Utomvu wa difenbakia, mmea mwingine wa ndani, ni mkali zaidi mdomoni na machoni, kwa hiyo vipande visiachwe watoto wanapofika.

Mbolea isubiri. Chumvi zake huunguza mizizi michanga, na mmea usiokua hauna pa kuipeleka. Jani jipya likishafunguka lote, anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.