Pikipiki ya zamani haina moto? Angalia kama spea zake ni za ukoo mmoja

Wadau wenye Honda 90 za wazee wetu na CG125 za mwanzo, hizi pikipiki zinaniuma sana. Ukipita Igoma au Mwaloni Kirumba hapa Mwanza unaikuta imeegeshwa inaota kutu kisa haina moto (plagi haitoi cheche), kumbe ukifungua koili (inayopeleka umeme mkubwa kwenye plagi) ni ya mchina, platini (vile vidole vinavyokata na kuunga umeme wa koili) ya Honda, waya zimeungwa ungwa tu, na mwenyewe kashanunua plagi nne.

Plagi iache kwanza. Fungua kava la magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) ujue ilizaliwa na mfumo gani, maana spea zote za moto lazima ziwe za mfumo huo huo, ndo ukoo mmoja ninaosema; ukikuta platini na kondensa hiyo ni ya platini, ukikuta pulsa (kile kikoili kidogo kinachokaa nje ya magneti) hiyo ni ya sidiai (CDI, kisanduku cha kielektroniki kinachopiga moto badala ya platini).

Sasa koili, na hapa ndo watu wengi wanaumia maana kwa macho zinafanana kabisa. Chukua testa weka oms 200 (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi uje uitoe, halafu pima njia ya kuingilia umeme. Koili ya platini inayotumia betri ya volti 12 huwa inacheza kama oms 3 mpaka 5, ya sidiai mara nyingi haifiki hata 1. Ukiifunga hiyo ya sidiai kwenye platini inavuta umeme mwingi mno, koili inachemka, platini zinaungua zinakuwa nyeusi, unapiga msasa leo keshokutwa yale yale. Ya kwangu ilinisumbua hivyo miezi miwili, inawaka asubuhi vizuri ikipata joto inazima, nikabadilisha kondensa mara mbili bure wakati tatizo ni koili.

Za sidiai nazo zipo mbili, ya AC inalishwa na koili ya ndani ya magneti na ya DC inalishwa na betri, na soketi zinaweza kuingiliana vizuri tu kwa hiyo usiamini soketi. Washa switchi bila kupiga kiki, pima waya unaolisha sidiai, ukikuta volti 12 ni DC, ukikuta kimya mpaka upige kiki ni AC, na hapo weka testa kwenye AC na usishike waya kwa mkono maana inarusha. Jambo lingine, ya AC inazimwa kwa kupeleka waya wa switchi kwenye bodi (chuma cha pikipiki), ya DC inazimwa kwa kukata umeme, kwa hiyo ukibadili sidiai ukaacha switchi ya zamani itagoma au utaiunguza.

Vifaa vikishakuwa vya ukoo mmoja ndo uje kwenye taimingi (wakati moto unapopigwa). Platini fungua kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) 0.3 mpaka 0.4 mm, zungusha magneti mpaka alama ya F ikae kwenye mstari wake, platini zianze kuachana hapo hapo. Huna taa ya kupimia? Bana karatasi ya sigara katikati ya platini, vuta taratibu huku unazungusha, inapoachia ndo zimefunguka. Nafasi ya plagi iwe 0.6 mpaka 0.7 mm.

Ukimaliza usiijaribu barabara ya tambarare, panda nayo kilima cha Bugando na mtu nyuma. Ikigonga gonga au kiki ikikurudishia mguu wakati wa kuwasha, moto unawahi, rudi kwenye alama ya F.